Mama aliuliza swali moja tu: na hao wanalipwa?

Wadau wangu, najua nimepotea. Niko nyumbani Malolo, msimu wa korosho umefika na mikono inahitajika, na mtandao huku mpaka uufuate nyuma ya nyumba kwenye mkorosho mmoja mkubwa, ndiyo ofisi yangu kwa sasa. DM zenu nimeziona zote. Nusu yake zinauliza kitu kimoja: yule staa niliyemposti kwa mgongo kule kwenye onyesho la baleti Dar ni nani?

Sitamtaja. Mnajua utaratibu wa humu ndani. Nitawapa hivi tu: wimbo wake mmeshaucheza harusini zaidi ya mara tatu. Alikuja na watu wanne, mmoja kazi yake kushika simu, mwingine kazi yake kushika taa ya kumulika anayepigwa na simu. Wakakaa mstari wa pili. Kazi ya kwanza ikaisha, akapiga selfi. Ya pili ikaisha, akatoka. Kabla hata ya tatu kuisha ameshaposti kwamba usiku wa sanaa umemfunza mengi. Kaka, hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa na vijana wa Kitanzania ndani, na wewe ulikuwa parking. Haya, yeye aishie hapo.

Mimi mwenyewe sikwenda pale kama mtazamaji. Nilikwenda kama msusi. Kuna mama mmoja mteja wangu, binti yake wa miaka tisa anajifunza baleti huko ng'ambo ya Daraja la Salenda. Akanipigia: kuna kikundi cha wageni kinakuja, watacheza na vijana wa hapa hapa, na wanataka mtu anayejua nywele zetu. Elfu kumi na tano kwa kichwa, vichwa tisa. Tiketi ilikuwa elfu hamsini, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe ujue nilikuwa upande gani wa mlango.

Baleti inataka nywele zote zikusanyike fundo moja nyuma, zisilegee hata unywele, shingo ionekane yote. Kwa mwenye nywele zinazolala ni dakika kumi na pini chache. Kwa mwenye kipilipili chake cha asili ni shughuli. Walikuwa wameshajaza jeli mezani kama wanataka kupaka ukuta. Nikaziweka pembeni, nikawasuka twende kilioni. Ndiyo, twende kilioni hii hii ya msibani, mistari inakwenda nyuma moja kwa moja, halafu ncha zote nikazikunja fundo moja nikashona kwa uzi. Hakuna kilichotikisika mpaka usiku unaisha. Mwalimu wao, mama wa makamo, akaja akashika kichwa kimoja, akauliza mtindo huu unaitwaje. Nikamwambia jina, nikamwambia na maana yake. Akanyamaza, halafu akacheka mpaka akakaa.

Ila kilichonishika mimi ni viatu.

Kulikuwa na dada mmoja mweusi kati ya wale wageni, amekaa sakafuni, mbele yake vile viatu vya kusimamia ncha za vidole, vya kitambaa kinachong'aa, rangi ya waridi iliyofifia. Mkononi ana sponji na chupa ya faundesheni. Anavipaka viatu. Nikasema huyu kachanganya chupa. Akanieleza kwa Kiingereza cha polepole: kiatu kinatakiwa kifanane na ngozi, ili mguu uonekane mrefu mpaka kwenye ncha, usikatike pale kiatu kinapoanza. Sasa ngozi waliyokuwa wanaifikiria wenye kiatu chao siyo ya kwake. Kwa hiyo kila jozi mpya anaipaka. Na jozi moja inaweza kufa usiku mmoja, kwa sababu pale mbele hakuna chuma wala ubao kama nilivyokuwa nadhani. Ni tabaka za kitambaa na gundi tu, jasho likiingia vinalainika, basi tena. Piga hesabu chupa ngapi za faundesheni kwa mwaka, na bei za faundesheni mnazijua.

Ile aliyokuwa nayo ilikuwa na wekundu mwingi, chini ya taa za jukwaani ingetoka rangi ya tofali. Nikamchanganyia na ya kwangu kidogo. Huo ndiyo mchango wangu kwenye sanaa ya dunia, naomba uandikwe mahali.

Nikaja kusoma baadaye kwamba huko New York kuna kikundi kinaitwa Dance Theatre of Harlem, kilianza 1969, na tangu miaka ya 1970 wachezaji wake wanapaka viatu na soksi zao zifuate ngozi ya kila mmoja. Uingereza, kampuni ya Freed ilianza kuuza viatu hivyo vya rangi ya kahawia mwaka 2018, ikishirikiana na kikundi cha Ballet Black. Elfu mbili na kumi na nane! Ndiyo mwaka niliopata matokeo yangu ya kidato cha nne. Yaani miaka yote hiyo watu wanapaka kwa sponji.

Nilipewa kiti mstari wa nyuma kabisa, pembeni. Taa zikazimwa.

Kazi ya kwanza, wachezaji wanane. Wanawake sita, wanaume wawili, nguo za kubana zisizo na pambo hata moja, ukuta wa nyuma mtupu wa bluu. Muziki wa nyuzi, violini nyingi zinafukuzana. Hakuna mfalme, hakuna bata maji, hakuna binti aliyerogwa. Dada wa kiti cha pili akamnong'oneza mwenzake, "Stori yenyewe ni nini?" Mwenzake akamjibu, "Subiri, itaanza." Haikuanza. Niliwasikia wanaisubiri mpaka makofi.

Mimi sikuisubiri, na hapa ndipo nataka mnisikilize, maana komenti za "hiyo ni ya wasomi, sisi tutaelewa wapi" zimekuwa nyingi. Nimekulia Malolo. Sindimba ikipigwa hakuna anayeuliza stori ni nini. Mambo ya unyagoni siandiki, dada zangu mnanielewa, lakini hata mtoto aliyesimama nje ya uwanja anajua yanayoonekana: ngoma zinaoteshwa moto ngozi ikaze, mpigaji mkubwa anaita, mtu anaingia, mguu unajibu. Unaangalia nani kaingia kwa wakati. Unaangalia nani kachelewa kidogo makusudi, ili mwili wake uijibu ngoma badala ya kuirudia. Ukimwona anayejua hivyo, kigelegele kinatoka chenyewe. Stori ya nini tena?

Basi ndivyo nilivyowaangalia wale wanane. Watatu wanaanzisha kitu upande wa kushoto, mkono unapanda, mguu unafunguka. Kabla hawajamaliza, wawili wa kulia wanakidaka na kukigeuza. Kuna dada mmoja mfupi kila mara alikuwa anaingia nyuma kwa hesabu moja. Mara ya kwanza nikadhani kasahau. Mara ya tatu nikajua, huyu ndiye anayejibu. Nikaanza kumsubiri yeye tu. Kuna mahali wote wanane walisimama ghafla kwenye mistari miwili, muziki nao ukanyamaza kidogo, na kilichosikika ni pumzi. Watu wale wanapumua kama wametoka kubeba magunia, huku nyuso zimetulia kama wako kwenye picha ya pasipoti. Na wakitua kutoka juu, viatu vinapiga kelele, ko, ko, ko. Kwenye video hilo hulisikii.

Aina hii ya baleti wanaiita neoklasiki, na jina linalotajwa sana ni la George Balanchine. Alizaliwa St. Petersburg mwaka 1904, akahamia Marekani 1933, mwaka uliofuata akafungua shule New York. Hatua za zamani alizibakiza zote. Alichotupa ni majumba ya kifalme, mapambo na stori ndefu, akaongeza kasi, akaacha nyonga itoke pale ambapo zamani ilikuwa marufuku. Kazi ya kwanza aliyotunga huko, Serenade, aliitunga na wanafunzi waliokuwepo. Siku ya kwanza walikuwa wasichana 17, akawapanga 17. Siku moja mmoja akachelewa, akauingiza uchelewaji ndani ya dansi. Mwingine akaanguka, na kuanguka kukaingia. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu kwenye daladala. Hata kwetu mtu akiteleza uwanjani na mpigaji ni mjanja, anaipigia ngoma ile teleza yake, inakuwa ndiyo mtindo wa siku hiyo.

Kazi ya pili ilikuwa ya watu wawili. Yule dada wa faundesheni na kaka mmoja mzungu, piano tupu. Sitasema sana. Kulikuwa na sehemu amesimama kwenye ncha ya kidole kimoja, mguu mwingine umepanda nyuma mpaka juu ya kichwa, anamshika yule kaka kwa mkono mmoja, na yule kaka anamzunguka polepole kama mtu anayekagua nyumba kabla ya kulipa kodi. Mkono wa dada ulikuwa unatetemeka. Kidogo sana. Mimi niliuona kwa sababu nilikuwa naangalia viatu, na rangi ilikuwa imekaa sawa, mguu mmoja mrefu usiokatika mahali.

Nilipofika nyumbani niliingia YouTube mpaka bando likaisha, nikakutana na picha za 1957. Balanchine alitunga kazi inaitwa Agon, muziki wa Stravinsky, na dansi ya wawili akaipa Arthur Mitchell, mwanaume mweusi, acheze na Diana Adams, mwanamke mzungu. Mwaka 1957, Marekani, ambako kwenye majimbo mengi mweusi na mweupe kuoana ilikuwa kosa kisheria. Huyo huyo Mitchell ndiye aliyeanzisha ile Dance Theatre of Harlem, mwaka mmoja baada ya Martin Luther King kuuawa. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba dansi isiyo na stori haisemi kitu, mwonyeshe hiyo picha.

Sasa ya tatu. Ile ambayo staa wetu aliikimbia.

Viatu vikavuliwa. Wakaingia pekupeku, wageni wanne na vijana wetu watano, na kwenye kona wapigaji wawili wa ngoma za kweli, siyo za spika. Hii walisema ni ya kisasa. Tofauti unaiona hata kama hujasomea. Wale wa mwanzo kazi yao yote ni kuificha ardhi, wanapanda, wanaruka, ukiwaangalia unasahau kama binadamu ana uzito. Hawa wa pekupeku wanautafuta uzito. Magoti yanakunjwa, mgongo unavunjwa, mtu anaanguka kwa bega anainuka kwa kiuno. Na kuna kijana mmoja wa kwetu, mrefu, mwembamba, alipiga mguu mara mbili na kukaza kiuno, nikaruka kwenye kiti. Nikasema huyu katoka kusini. Mtu hafundishwi ule mguu Masaki.

Nilipokuwa namfungua kipodozi baada ya onyesho nikamuuliza. Kumbe mtu wa mkoa wa Mtwara, mtaani kwao sindimba ndiyo kila kitu. Kasoma Bagamoyo. Tukacheka kwamba mimi Lindi yeye Mtwara tumekutana ng'ambo ya Salenda kwenye kipolishi cha uso.

Nikamuuliza vizuri, siyo kwa ajili ya blogu. Kwamba ndugu yangu, unaishi kwa hii? Akanipa hesabu bila aibu. Maonyesho kama hili kwa mwaka ni machache, hayafiki idadi ya vidole vya mkono mmoja. Anafundisha watoto wa shule siku mbili kwa wiki, hiyo ndiyo inayolipa kodi ya chumba. Harusi na sherehe za makampuni. Video za bongo fleva, ambako kuna aliyempa elfu thelathini na chipsi kwa kucheza kuanzia asubuhi mpaka usiku. Akamtaja nani. Nikanyamaza, halafu nikamwambia alikuwa mstari wa pili, katoka kabla hujaingia. Yule kijana hakukasirika. Alisema tu, "Angekaa angeniona nafanya kitu changu."

Hilo neno ndilo nililokuja nalo Malolo kwenye basi, siku nzima, Kibiti, Nangurukuru, mpaka unapoacha barabara ya Masasi.

Kwa nini nalijali hivyo? Kwa sababu nina mdogo wangu. Simtaji, na picha zake sitaweka. Kamaliza kidato cha nne. Shuleni ndiye alikuwa anaongoza ngoma. Anacheza, wadau. Siyo kucheza kwa kujirekodi mbele ya ukuta kama sisi wote. Huyu akisikia debe linapigwa, mgongo unaanza kabla ya miguu. Na kwa kuwa ni wa kiume, na sauti yake ni nyororo, kuna majina mtaani wanamwita ambayo siyaandiki hapa. Yeye anayasikia. Anajibu kwa kunyamaza, ila nimeona sasa hivi hachezi mbele za watu, anacheza shambani.

Kaniambia anataka kwenda Bagamoyo. Mjomba anataka pesa ya korosho za mwaka huu iwe bodaboda. Na kwetu Wamwera, kwa wasiojua, neno la mjomba ni neno. Mama anaweza kulia, mimi naweza kutuma pesa kutoka saluni, lakini mambo ya watoto wa dada yake anayeyasemea ni mjomba.

Basi jioni moja nikatoa simu uani. Mama, shangazi, dogo, watoto wa jirani wasiohesabika. Nilikuwa nimeshusha klipu za kutosha nikiwa Dar, na zile nilizorekodi mwenyewe pale ambapo iliruhusiwa. Shangazi wa kwanza: "Hawa wanaume mbona wamevaa soksi mpaka kiunoni?" Watoto wakaanguka chini. Kuhusu wale wadada akasema wangepita msimu mmoja hapa Malolo wapate ugali. Dogo hakucheka. Alikuwa ameinama, simu iko sentimita kumi na uso wake.

Nikawawekea Dada Masilo, yule dada wa Soweto. Yeye alichukua ile baleti ya bata maji ambayo wazungu wanaiheshimu kuliko zote, akawachezesha watu pekupeku, wanaume nao kavalisha zile sketi zilizosimama kama sahani, nyonga za Kiafrika zikaingia humo humo na dunia nzima ikamlipia tiketi. Alifariki Desemba 2024, ana miaka 39 tu. Shangazi akasema, "Huyu sasa anacheza." Nikawawekea na ile ya Senegali, ya 2020, wachezaji kutoka nchi 14 za Afrika wanacheza kazi ya Pina Bausch ya mwaka 1975. Kazi hiyo jukwaani huwa inamwagiwa udongo wa kweli, wanachezea humo mpaka wanachafuka. Safari yao ya maonyesho ilizuiwa na korona, wakaamua kuirekodi mazoezi ya mwisho ufukweni, kwenye mchanga, jua linazama. Mama aliiangalia hiyo bila kusema. Kuona watu wazima wanacheza kwenye vumbi huku wanasikilizwa kwa heshima, nadhani kulimgusa mahali, ingawa hakusema.

Alichosema ni hiki. "Na hao wanalipwa?"

Sikumdanganya. Nilimpa hesabu ya yule kijana wa Mtwara kama alivyonipa, na chipsi zake. Nikamwambia kuna wanaolipwa vizuri, kama Misty Copeland, mwanamke mweusi wa kwanza kupandishwa daraja la juu kabisa kwenye American Ballet Theatre, mwaka 2015, na kule ni mshahara. Lakini huko ni mbali, na mama siyo mtu wa kupewa mifano ya mbali. Nikamwambia basi wa jirani: Joel Kioko, kijana wa Nairobi, kakulia Kuwinda, mtaa wa mabati. Mwaka 2017 alienda London kusoma shule ya English National Ballet. Mama akauliza mama yake ni nani. Nikasema simjui. Akasema, "Lazima alilia kwanza."

Mjomba alikuja Jumapili. Shikamoo, marahaba, chai. Dogo akajifanya ana kazi nyuma ya nyumba. Mjomba hana ubaya, msimchukie. Yeye anaona kijana wa miaka kumi na minane na mtaji unaooza, basi.

"Mambo ya wazungu hayo," akasema, kabla hata sijawasha simu.

Nikamwambia, "Mjomba, sarakasi je?" Anapenda sarakasi, aliwahi kututolea stori za vikundi vilivyokuwa vinapita Nachingwea zamani. Nikamkumbusha kwamba vijana wa Kitanzania walipelekwa China miaka ya 1960 kujifunza sarakasi, wakarudi wakafundisha, na leo hakuna anayeiita mambo ya Wachina. Na nikamwambia sindimba hii hii ya huku kwetu kusini iliwahi kuwa na waajiriwa wa serikali. Kulikuwa na kikundi cha taifa cha ngoma, watu wanatoka mikoani, wanacheza mbele ya wageni wa nchi, wanakwenda nje. Halafu mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ndiyo hiyo TaSUBa ya sasa, wanatoa astashahada na stashahada. Cheti, mjomba. Chenye muhuri. Anaweza hata kufundisha.

"Na bodaboda ina cheti?" akajibu. "Lakini inaleta elfu kumi kila siku."

Hapo hana uongo. Nimekaa saluni miaka minne, najua elfu kumi ya kila siku ni nini. Sikuwa na jibu la hesabu, na kwa kweli hadi sasa sina. Kijana akienda Bagamoyo anaweza kumaliza akaja kucheza nyuma ya staa fulani kwa chipsi. Akibaki na bodaboda anaweza kuwa na nyumba ya bati kabla yangu. Ndiyo maana sipendi zile posti za "fuata ndoto zako", zinaandikwa na watu walioshiba.

Nikawasha simu tu. Nikamwekea kazi ya tatu, ya pekupeku. Aliishika mbali na macho kama wazee wanavyoshika simu. Wageni wakipita hakusema kitu. Akafika pale kwa yule kijana mrefu. Mguu, mguu, kiuno.

"Rudisha."

Nikarudisha.

"Rudisha tena hapo." Akaangalia. Akaweka kikombe chini. "Huyu wa wapi?"

"Wa Mtwara, mjomba."

"Kakosea. Unatangulia wa kushoto."

"Labda kwao, mjomba..."

"Hakuna cha kwao. Wa kushoto." Na akasimama. Mzee wa miaka sitini na kitu, shati la Jumapili, akapiga mguu pale uani mara mbili, vumbi likapanda, mgongo ukashuka chini mpaka nikamwita mama. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama mlangoni. Sijawahi kumwona mjomba akicheza maisha yangu yote. Mama alikuwa amemwona, hilo lilionekana usoni.

Dogo alikuwa ameshatokea pembeni ya nyumba. Mjomba akamwona, akakaa, akachukua chai yake ambayo ilikuwa imepoa. Akamwambia, bila kumwangalia, "Njoo unionyeshe mnavyofundishwa shule. Kama mnaanza na wa kulia nijue."

Dogo akaanza na wa kushoto.

Mnada wa RUNALI unaofuata bado, pesa haijaingia, na neno bodaboda halijatajwa tena hapa nyumbani tangu Jumapili ile, wala neno Bagamoyo. Fomu nimeichapa Ruangwa mjini kwenye stesheneri, iko chini ya godoro la mama. Sehemu ya sahihi ya mlezi iko wazi.